Viazi Haviimbiki

Line Kretzmar alikufa kwa dondakoo mwezi wa Februari mwaka 1884, akiwa na miaka saba na nusu, na mama yake hakulia. Hakulia pale kitandani, hakulia kanisani, hakulia makaburini, ambako ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi hata wachimbaji ikawabidi wawashe moto juu yake kwanza. Watu wa Altenburg waliliona hilo. Wachache walisema Ottilie Kretzmar ni mwanamke mwenye imani kubwa. Waliobaki walisema ana moyo wa jiwe, na walisema hivyo dukani kwa mwokaji mikate, mahali ambapo kila neno humfikia anayesemwa kabla mkate haujapoa.

Mwenyewe aliwaacha waseme. Alikuwa mshonaji wa glavu. Mumewe, Gotthelf, alikata ngozi kwenye karakana kule chini ya ngome, naye Ottilie akazishona nyumbani, dirishani, kidole baada ya kidole. Siku ya pili baada ya mazishi alichukua sindano akaendelea na jozi aliyokuwa ameiacha katikati. Mishono ilitoka sawa. Aliikagua kwenye mwanga, akaona haina kasoro, akashangaa kidogo, kisha mshangao ukapita.

Ilikuwa kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi, ila ganzi hii ilikuwa mwili mzima, na wala haikuchomachoma kama damu inaporudi. Sauti zilimfikia kutoka mbali. Alikula akashiba, lakini ungemuuliza alikula nini, ingembidi atazame sahani. Watoto wa mtaa wao, ambao zamani walimwita mama yake Line, sasa hawakujua wamwiteje. Walikuwa wakisimama, wakitazama viatu vyao, kisha wakisema kwa adabu kubwa kuliko umri wao, "Habari za asubuhi, Bi Kretzmar," na kukimbia.

Mwezi wa Machi, alasiri moja, aliandika shairi. Hilo lenyewe halikuwa jambo la ajabu. Tangu shuleni alijulikana kwa kuandika beti za siku za kuzaliwa na za harusi. Mtu akimwoza binti yake mtaani, Ottilie aliombwa mistari minane, naye akaitoa. Safari hii hakuombwa na mtu. Aliandika nyuma ya karatasi ya kukatia vidole vya glavu, bila kufuta neno, kama mtu anavyoandika vitu vya kununua sokoni. Alipomaliza aliitia kwenye droo ya nyuzi.

Gotthelf ndiye aliyeikuta, akitafuta kamba. Alikuwa mwanamume mpana, mwenye mikono iliyonuka ngozi hata siku ya Jumapili, na hakuwa msomaji. Alisoma amesimama, midomo ikicheza.

*Viatu vyake jikoni
kamba zimefungwa fundo,
ngazi ya tatu nyumbani
haina tena vishindo.*

*Wageni walinijia
wakanena ya kunena,
nami nikaitikia,
kukawa na kimya tena.*

*Siku ile ya kuzika
nilimenya na viazi,
na maji yakachemka;
mikono yajua kazi.*

*Usiulize nalia
usiku wala mchana;
asubuhi huingia
dirishani, kama jana.*

"Hili umeliandika lini?" aliuliza.

"Juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ni maneno tu, Gotthelf. Nilikuwa nangoja kahawa ichemke."

Gotthelf alikunja ile karatasi polepole. "Naweza kulipeleka gazetini? Watu huwawekea marehemu wao."

"Peleka," alisema Ottilie, na akauma uzi.

Lilichapwa Jumamosi, chini kabisa ya ukurasa, kati ya tangazo la mbwa aliyepotea na la farasi anayeuzwa, na chini yake herufi mbili tu, O. K. Altenburg si mji mkubwa. Kabla ya saa nne asubuhi Bi Pöschel, mke wa mwokaji mikate, alikuwa mlangoni akipunga gazeti lenye alama za unga.

"Bi Kretzmar! Kumbe ninaishi na mshairi ukuta kwa ukuta, na siku zote namuuzia mikate iliyoungua!"

"Mikate yako haiungui."

"Inaungua, mwenzangu, wewe ndiye hulalamiki." Aliketi bila kukaribishwa, akapangusa macho kwa aproni. "Nimelia, nakwambia. Vile viatu! Lakini hebu niambie, na usinichukie. Vile viazi... ilikuwa lazima? Mtu asiyekujua atadhani siku ile ulikuwa na njaa."

"Sikuwa na njaa. Watu walikuja kutoka kwa shemeji, wametembea kutoka mbali. Nilipika, wakala."

"Najua, nilikula. Lakini ndiyo ya kuandika?"

Ottilie alifikiri. "Ndiyo yaliyotokea," alisema.

Aliyelisoma pia asubuhi ile, mbele ya yai lake la kuchemsha, ni Albin Tröger. Huyu alifundisha kuimba katika shule ya wasichana, akaongoza chama cha waimbaji cha mafundi, na kwa muda uliobaki akatunga nyimbo za mtu mmoja na piano. Katika mji ule kila nyumba yenye piano ilikuwa na rundo la nyimbo za namna hiyo: shairi la mtu mmoja, muziki wa mwingine, na mwimbaji katikati akijitahidi kuwapatanisha. Tröger alikuwa ametunga kama arobaini, na tatu tu ndizo zilizopata kuimbwa nje ya sebule yake. Alilikata shairi kwa kisu cha siagi, akaenda nalo kwenye piano, na chai yake ikapoa. Kwa siku mbili wimbo ukawa tayari. Akaandika barua kuomba ruhusa, na barua ile ilimkuta Gotthelf karakanani. Gotthelf alijibu ndiyo, akamwambia mkewe baadaye, wakila supu.

"Wataliimba? Nani?" aliuliza Ottilie.

"Binti Nauwerk. Thekla. Yule mwenye sauti."

"Basi sawa," alisema Ottilie, akamwongezea supu.

Tamasha lilikuwa Jumapili moja ya Mei, mchana, katika ukumbi wa juu wa nyumba ya wageni. Kulikuwa na viti mia na ishirini na vyote vilijaa, kwa sababu habari ilikuwa imezunguka kwamba wimbo wa mtoto wa Kretzmar utaimbwa na wazazi wote wawili watakuwepo. Ottilie alivaa gauni lake jeusi. Watu waliwapisha njia hadi safu ya pili, wakawatazama visogo.

Thekla Nauwerk alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alisimama kando ya piano akiwa amekunja mikono mbele, uso umempauka, na Tröger akaanza. Mkono wa kulia wa mwalimu ulikuwa ukiteremka hatua fupi fupi, mbili mbili, kama mtu anayevuta kwikwi, na kabla hata ya neno la kwanza mwanamke mmoja nyuma alikuwa ameshatoa leso. Kisha vikaja viatu, ikaja na ngazi. Sauti ya Thekla ilikuwa safi kama maji. Wageni wakanena ya kunena. Ottilie akajiweka tayari kwa viazi, na viazi havikuja. Piano ilipanda kidogo, ikageuka kona, na Thekla akawa tayari yuko kwenye dirisha na asubuhi.

Ndipo alipoimba *kama jana*, akapumua, akaimba tena *kama jana*, juu zaidi. Mara ya tatu neno *jana* lilipanda hadi mahali ambapo mwimbaji alifumba macho, likakaa huko juu, likakaa, halafu likashuka likiwa limevunjika vipande vipande. Baada ya hapo piano iliendelea peke yake kwa muda mrefu kidogo ikaisha.

Ukumbi mzima ulikuwa unalia. Ottilie alikaa wima. Alijihisi kama anatazama nguo za familia nyingine zikiwa zimeanikwa uani: ni nzuri, zimefuliwa vizuri, lakini si zake. Aliwaza kwamba yeye neno lile aliliandika mara moja. Kisha alisikia karibu yake sauti ambayo hakuijua, nzito, ya kukwaruza, akageuka kuona nani anaumwa. Alikuwa Gotthelf. Amejikunja mbele, uso ndani ya kofia, mabega yakimtikisika. Tangu Februari alikuwa hajatoa hata chozi moja mbele yake. Ottilie alimwekea mkono mgongoni, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, akauacha pale hadi alipotulia.

Wiki iliyofuata alienda kwa Tröger. Alimkuta katika chumba cha muziki shuleni, anapanga vitabu.

"Bi Kretzmar! Karibu, karibu. Kaa hapa. Ni heshima kwangu."

"Asante, Mwalimu. Sitakaa sana. Nimekuja kuuliza kuhusu viazi."

Tröger aliweka vitabu chini. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kwa miaka mingi ya kuinamia vibao vya piano. "Nilijua utauliza," alisema. "Nilijaribu, naapa. Nilikaa na ule ubeti jioni nzima. Viazi haviimbiki, Bi Kretzmar."

"Vinalika."

"Vinalika, ndiyo. Lakini hebu fikiria mtu amesimama ukumbini, amevaa vizuri, watu wanamtazama, anafungua kinywa anaimba *vi-a-zi*. Mtu mmoja akicheka, basi wimbo umekufa."

"Hakuna aliyecheka walipovila."

Tröger akavua miwani yake, akaifuta. "Lakini haukupotea," alisema kwa sauti ya kumbembeleza. "Ule ubeti nimeuweka kwenye piano. Sikiliza, mwishoni, mwimbaji akishanyamaza." Aliketi akapiga kile kipande cha mwisho, polepole, kichwa kimeelekea upande. "Umeusikia? Hapo maneno yameshindwa, muziki ndio unaoyasema yale uliyoyasema wewe."

Ottilie alisikiliza mpaka sauti ya mwisho ilipokwisha chumbani. "Sivisikii viazi," alisema. Hakuwa anamdhihaki. Alikuwa amevitafuta kweli.

"Shairi ni lako," alisema Tröger, sasa ameumia kidogo. "Hakuna aliyeligusa, liko gazetini, beti zote nne. Wimbo ni kitu kingine. Wimbo ni wangu."

"Sawa. Na machozi ni ya nani?"

"Unasemaje?"

"Kwenye wimbo kuna mtu analia, Mwalimu. Tangu mwanzo, kabla yule binti hajafungua kinywa. Nani huyo? Mimi sikulia. Niliandika kabisa, mtu asiniulize. Wewe umemjibu kabla hajauliza."

Nje, wasichana walikuwa wakiruka kamba, na mmoja wao akihesabu kwa sauti. Tröger aliposema tena, alisema kwa sauti nyingine, ya fundi kwa fundi. "Tatizo liko hivi. Wewe kwa maneno unaweza kusema *hakuna*. Unasema *haina vishindo*, na mtu anaona ngazi tupu. Muziki hauna namna ya kusema hakuna. Nikipiga noti moja tu, tayari kuna kitu. Nikipiga tano, tayari kuna mtu ana huzuni au ana furaha. Siwezi kupiga ganzi."

Ottilie alisimama, akavaa glavu zake. Alimwonea huruma kwa namna ya mbali, kama unavyomwonea mtu anayebeba kabati peke yake ng'ambo ya barabara. "Basi piga chache," alisema. "Kwaheri, Mwalimu."

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Gotthelf alikuwa ameununua ule wimbo kwenye karatasi, ulioandikwa kwa mkono na mwanafunzi wa Tröger, ingawa nyumba haikuwa na piano wala yeye hakujua kusoma noti. Aliukunja akautia mfuko wa ndani wa koti. Alijiunga na chama cha waimbaji, akawekwa kwenye sauti za chini. Na asubuhi akinyoa, na jioni akivua viatu, aliuimba puani. Wakati wote ulikuwa ni mwisho wake tu: *kama jana, kama jana*, akipanda kwenye ile ya tatu kwa sauti nyembamba isiyofika, akipumua kwa nguvu kabla ya kujaribu.

Siku moja ya Juni Ottilie aliweka sindano chini. "Gotthelf, tafadhali. Usiimbe huo."

"Unakukera?"

"Si kunikera. Si wangu, hauko hivyo. Hakuna aliyepiga kelele humu ndani."

Gotthelf alikaa kwenye benchi la jiko, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ilimchukua muda kuyapanga. "Sikiliza, mke wangu. Wewe unayo mikono yako. Nakuona. Unashona, unapika, unafagia, siku inaisha. Mimi nimekata ngozi tangu Februari na sioni ninachokata. Bwana Steudel, mwenye karakana, ananirudishia vipande. Nilikuwa nadhani nimekufa na mimi, ila bado hawajanizika. Halafu siku ile ukumbini yule binti akapanda pale juu, na mimi nikaweza kulia. Basi. Nikiimba hapo tu, naweza. Penginepo siwezi." Alitazama kiatu. "Ukiniambia niache, nitaacha."

Ottilie alimtazama. Alijua kwamba mwanamke mwingine pale angesimama, angevuka sakafu, angemshika. Aliliona jambo lile lote wazi, kana kwamba limechorwa ukutani, lakini miguu yake haikupewa sababu ya kutosha.

"Imba," alisema baadaye. "Imba tu. Nitazoea."

Na kweli alizoea.

Mwezi wa Septemba Tröger alimtumia salamu kupitia kwa Thekla: kama ana nafasi siku ya Jumatano baada ya masomo, aje shuleni, kuna kitu cha kusikiliza. Alienda na kikapu cha glavu mkononi, kwa sababu alikuwa njiani kuzipeleka karakanani. Thekla alikuwa pale tayari, na kabla hajaanza alikuwa anagombana na mwalimu wake.

"Hapa nafanya nini, Mwalimu?"

"Hufanyi kitu. Unasema maneno kwenye noti."

"Na hapa?"

"Vilevile."

"Kutofanya kitu ndiko kugumu, Mwalimu. Nikiimba vizuri unaniambia nimeharibu."

"Ukiimba vizuri unaharibu. Mara moja tena. Bi Kretzmar, tuvumilie."

Ulikuwa wimbo mpya kabisa, na maneno yaleyale. Hakukuwa na utangulizi. Piano ilipiga sauti tatu kwa pamoja, kavu, ikanyamaza, na Thekla akaingia karibu kwa kuongea. Sauti yake ilikaa pale pale ilipoanza, ikapanda hatua moja, ikarudi. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivyo, na wa pili hivyohivyo, muziki uleule bila kubadilika hata kidogo, kama mtu anayepita chumba kimoja kila siku. Ubeti wa tatu ulipofika, Ottilie alisikia viazi vikiimbwa kwenye noti zilezile zilizobeba viatu na wageni, wala havikuwa vikubwa wala vidogo kuliko vingine. Thekla alikosea neno moja, akarudia, akaendelea. *Kama jana* alilisema mara moja tu. Piano haikuongeza kitu.

Ottilie aligundua kwamba kikapu kilikuwa sakafuni na mikono yake iko mapajani, imefunguka, haifanyi lolote. Hakukumbuka kukiweka chini. Hakulia. Kitu pekee kilichomjia ni uchovu, uchovu wa kawaida wa mtu aliyefanya kazi, na alikuwa hajauhisi uchovu kwa miezi saba.

"Naomba tena," alisema.

Wakamwimbia tena. Mara hii Thekla hakukosea.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Ottilie.

Tröger alicheka kicheko kifupi cha mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki kadhaa. "Wimbo bora kuliko zote nilizotunga, na kila atakayeusikia atasinzia."

"Mimi sikusinzia," alisema Thekla.

"Wewe ulikuwa unaimba."

Tröger alikuwa amesema kweli. Waliujaribu hadharani mara moja tu, mwezi wa Novemba, katika ukumbi uleule. Watu walikohoa kuanzia ubeti wa pili. Kwenye viazi mtu mmoja safu za nyuma alicheka, si kwa ubaya, alishtuka tu, na jirani yake akampiga kiwiko. Ulipokwisha, makofi yalikuwa ya adabu, kisha sauti zikaanza kuuliza ule mwingine, ule wa kweli. Thekla alimtazama Ottilie pale safu ya pili. Ottilie akaitikia kwa kichwa. Ukaimbwa ule mwingine, leso zikatoka, na Gotthelf akaingia tena ndani ya kofia yake.

Mchapaji mmoja wa Leipzig aliuchukua ule wa kwanza, akautia kwenye kitabu cha nyimbo sita. Ulienda mbali kuliko mtu yeyote wa mtaa ule alivyowahi kwenda. Msichana wa kazi aliyerudi kutoka Dresden alisema ameusikia dirishani, na Bi Pöschel alimwambia kila mteja kwamba mwenye maneno yale anakula mkate wake. Barua zilikuja. Moja ilitoka kwa mwanamke wa Stettin aliyezika wavulana wawili. Aliandika kurasa nne, na mwishoni akasema kwamba wimbo ule umemfundisha kulia, Mungu ambariki aliyeutunga. Ottilie aliisoma mara mbili, akakaa na kalamu mkononi kwa muda, akamjibu: *Bibi mpendwa, machozi ni ya Bwana Tröger, lakini nimefurahi yamekufaa. Nami nilimzika mmoja.* Hakuandika shairi tena baada ya lile, hata la harusi. Alipoombwa alisema mkono wake umezoea sindano.

Ganzi haikumwacha kwa siku moja. Ilipungua kama theluji inavyopungua kivulini, bila mtu kuona lini. Mwaka wa tatu au wa nne aligundua kwamba anahisi ladha ya jibini. Mwaka wa sita alimkaripia Bi Pöschel kwa mkate ulioungua, na Bi Pöschel akafurahi sana, akaenda kumwambia mumewe. Mtoto mwingine hawakupata. Palikuwa na sehemu ndani yake ambayo haikurudi, naye hakuingojea.

Gotthelf alikufa mwaka 1899, mwezi wa Aprili, kwa mapafu. Chama cha waimbaji, ambacho alikiimbia miaka kumi na tano, kilitaka kumuaga kwa heshima ukumbini baada ya mazishi. Thekla Nauwerk alikuja nyumbani kuuliza. Hakuwa ameolewa, alifundisha kuimba sasa badala ya Tröger, nywele zimeanza mvi pembeni, na bado alikuwa na sauti.

"Bi Ottilie, tumefikiri tuimbe shairi lako. Mimi ningependa ule wa pili. Wanafunzi wangu wote nawafundisha ule, unajua? Ndio ninaowapimia. Sema tu."

"Imba wake," alisema Ottilie.

"Wa nani?"

"Wa Gotthelf. Ule wa kupanda."

"Ule usio na ubeti wa tatu."

"Huohuo. Na pale juu usipunguze, Thekla. Alipenda pale juu."

Tröger alipiga mwenyewe, mzee sasa, vidole vimekakamaa, akiruka noti ambazo hazikumhusu sana. Ottilie alikaa mbele, peke yake kwenye safu. Ule wimbo alikuwa ameusikia nyumbani maelfu ya mara, ukiwa umekatwa, ukiwa nusu, ukiwa na povu la sabuni, na sasa alisikia jambo ambalo hakulisikia ukumbini siku ya kwanza. Kabla ya *jana* ya tatu, Thekla alivuta pumzi, na pumzi ile ilikuwa ya Gotthelf, ile ya kwa nguvu, ya mtu anayejua hatafika lakini anakwenda. Muziki ulikuwa umeiacha nafasi ile kwa makusudi. Ottilie aliihesabu nafasi ile ndani yake. Kitu kilisogea, kidogo, kama hodi inayopigwa nyumba ya jirani. Alisikiliza kama itapigwa tena. Sauti ikapanda, ikakaa juu, ikashuka.

Watu walimpa mkono mmoja mmoja, wakateremka kwenda kunywa. Thekla alikuja akaketi kando yake, bado ameshika karatasi.

"Ilikuwa sawa?"

"Umeimba vizuri sana."

"Ulilia?"

"Hapana."

"Mimi nimelia."

"Nilikuona," alisema Ottilie, akampa leso yake, iliyokuwa safi na imekunjwa.

Tröger alikuwa amesinzia kwenye kiti cha piano, kidevu kifuani. Halafu mtu akagonga mlango kwa heshima: chama cha mazoezi ya viungo kilikuwa na ukumbi kuanzia saa kumi, na wanaume wanane walikuwa wamesimama ngazini na magodoro yao. Wanawake wale wawili wakainuka, wakagawana maua yaliyoletwa kwa ajili ya marehemu, wakamwamsha mwalimu.